Pindo la Inchi Nne

Nachingwea ya utoto wangu, fundi cherehani alikuwa mwanamume. Alikaa barazani mwa duka la Mhindi, cherehani ya miguu ikitazama barabara, futi kamba shingoni na penseli kaichomeka sikioni. Ulinunua kitambaa ndani, ukatoka nacho nje, naye akakupima pale pale mbele ya wapita njia. Wanawake nao walishona, lakini majumbani, na hakuna aliyewaita mafundi. Walishona sketi na blauzi zao, shumizi zao na sare za watoto, basi.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Cherehani yake, Singer ya mkono yenye kifuniko cha mbao, ilitokana na karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mradi wao mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Walifyeka misitu, wakatandaza reli kutoka pwani, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umeshakufa, pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda na maji. Babu alikuwa kibarua wa kung'oa visiki. Wenzake walinunua baiskeli na saa za mkono. Yeye mwenye mabinti watupu akanunua cherehani. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, jina la Stesheni likabaki kwenye kata, na cherehani ikabaki kwetu.

Mama hakuwa na mchoro wa karatasi. Alitandika kitambaa mkekani, akalaza juu yake sketi kuukuu iliyonitosha, akaizungushia chaki, kisha akaongeza kwa mkono wake: vidole viwili ubavuni, vidole viwili nyuma penye zipu, na chini upana wa kiganja kizima. Ndipo akashika mkasi. Upana ule wa kiganja, ambao nilipokuja kuupima kwa futi kamba ulikuwa kama inchi nne, aliukunja kwa ndani na kuupiga bandi kwa sindano ya mkono, mishono mirefu mirefu inayofumulika kwa wembe bila kuumiza kitambaa. Cherehani haikuruhusiwa kugusa pindo.

Korosho zikishauzwa, sketi zetu ziliteremshwa. Mama alifumua, akapiga pasi ya mkaa, akakunja upya juu kidogo ya ukingo. Palipokuwa na kunjo la zamani ulibaki mstari, juu yake rangi imepauka kwa jua, chini yake ingali mpya. Mstari huo aliufunika kwa utepe mweupe. Shuleni tulijua umri wa sketi kwa kuhesabu tepe: yenye utepe mmoja ilikuwa ya mwaka wa pili, yenye tepe mbili ilikuwa karibu kurithiwa na mdogo mtu. Hakuna aliyeona aibu, kwani karibu kila msichana alikuwa na zake.

Hayo tuliyaona ya kawaida mpaka mama mdogo alipokuja kutoka Dar es Salaam na sketi yake fupi. Ilikuwa miaka ya vurugu za mavazi. Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umetangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zilipigwa marufuku. Kwetu jambo hilo lilikuwa na kichekesho chake. Wapigania uhuru wa FRELIMO kutoka Msumbiji walikuwa na kambi yao Nachingwea, na tangu 1967 walikuwemo wanawake waliofunzwa vita. Josina Machel alikuwa mmoja wa waliopita hapo. Hao walivaa suruali za kijeshi, na hakuna mgambo aliyethubutu kuwauliza. Mama mdogo, asiye na bunduki, ilibidi sketi yake irefushwe usiku ule ule.

Mama aliigeuza ndani nje, akatafuta pindo. Hakulikuta. Fundi wa mjini alikuwa amekunja upana wa kucha na kupita na cherehani. "Huyu kakushonea sketi ya siku moja," mama akasema, akakata kipande cha kaniki na kuunga chini. Sketi ya rangi ya chungwa yenye mkia mweusi! Mama mdogo aliivaa hivyo hivyo mpaka alipoondoka, na wasichana wa mtaani wakadhani ndiyo fasheni mpya ya Dar.

Niliolewa Ruangwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Ruangwa ingali sehemu ya Wilaya ya Nachingwea; wilaya yake yenyewe ilipatikana 1995. Nilikwenda na cherehani ya babu, na nilifika wakati mbaya kuliko wote kwa mtu mwenye cherehani. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha, fedha za kigeni hakuna, viwanda vya nguo kama Urafiki na Mwatex vinakosa vipuri. Kitambaa kilikuja kwa mgawo. Jina lako liliandikwa dukani, ukasubiri, na siku ya zamu yako ukachukua kilichopo. Kama ni khaki, basi sketi ya khaki. Uzi ukawa dhahabu. Tuliufumua kwenye viroba vya unga, na viroba vyenyewe tukavifua mpaka maandishi yafifie, tukavishona shumizi za watoto.

Kilichotuvusha ni ile tabia ya mama. Kila nguo niliyokwenda nayo ilikuwa na kitambaa kilichojificha ndani yake. Gauni nililoagwa nalo nilipolifumua ubavuni na chini, lilinitosha tena baada ya kujifungua. Lilipochakaa juu, chini yake ikatoka sketi ya mtoto, na mabaki yakawa kola ya blauzi. Akiba haiozi, husema watu wakifikiria fedha na nafaka. Miaka ile akiba yangu ilikuwa ndani ya mishono.

Kisha milango ikafunguliwa. Kuanzia 1984 Serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na chini ya Mzee Mwinyi, Mzee Rukhsa, mitumba ikateremka hadi kwetu kwenye magulio. Nakumbuka robota linakatwa kamba, wanawake wameinama, mikono inachambua. Sketi ya sufu yenye bitana na zipu iliuzwa kwa fedha ambazo hazikutosha kitambaa chake tu. Ungeshona ili iweje? Cherehani ikafunikwa, watoto wakaweka vitabu juu yake.

Mitumba iliua ushonaji wa nyumbani, na wengi wameshaliandika hilo. Langu ni kwamba mimi ilinifundisha pia. Nyakati za jioni nilichukua sketi zilizonishinda kuvaa na kuzifumua kipande kwa kipande. Hapo ndipo nilipoelewa vile vikunjo viwili vya nyuma vinavyofanya sketi ikae kiunoni bila kuning'inia, na jinsi bitana inavyokatwa fupi kuliko nguo ili isichungulie. Sketi nyingi za mwanzo, za sufu nzito, zilikuwa na pindo la maana na inchi nzima ubavuni. Huko zilikotoka nako kulikuwa na mama aliyefikiri kama mama yangu. Miaka ilivyosonga mishono ikazidi kuwa myembamba, imepitishwa cherehani ya ovaloki, kingo zimekatwa. Nikafahamu, pasipo kuambiwa na mtu, kwamba huko Ulaya na Marekani nguo zimekuwa rahisi na hakuna tena anayepanga kuzirefusha.

Sisi nasi zamu yetu ilifika. Mfumo wa kuuza mazao kwa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho mwaka 2007, ufuta ukashika kasi Ruangwa, na fedha zikaanza kuingia mara mbili kwa mwaka: ufuta katikati ya mwaka, korosho kuelekea mwisho wake. Vitenge vikajaa madukani, umeme ukafika, na wanawake wakahamia barazani. Wasichana waliosomea ushonaji vyuoni walifungua vibanda vyao, na hivi leo ukipita Ruangwa mjini au Nachingwea, mwenye futi kamba shingoni mara nyingi ni mwanamke. Hilo silibezi hata kidogo. Mama yangu alishona maisha yake yote bila kulipwa hata senti.

Kazi yao kubwa ni sare. Ufuta ukiuzwa, msimu wa kucheza wali, yaani unyago wa wasichana, umewadia, na ukoo mzima unataka kitenge kimoja: mashangazi, makungwi, mama wa mwali na majirani. Mteja haleti sketi kuukuu ya kupimia. Analeta simu. "Nataka mshono huu," anasema, na picha ni ya mwanamke wa Nigeria mwenye umbo jingine kabisa. Fundi anakata kwa kubana, anabakiza nusu inchi, ovaloki inakula robo, nguo inatoka imemkaa mwenyewe kama gome la mti. Inapendeza kwelikweli. Msimu unaofuata mvaaji ameongezeka kidogo, na sketi haina pa kufunguka. Anampa mdogo wake, anashona nyingine.

Mjukuu wangu alinijia na picha yake mwaka mmoja, akitaka kloshi ndefu, sketi ya duara zima. Nilimkalisha mkekani na kitenge cha yadi sita.

"Kiuno chako inchi ngapi?"

"Thelathini, bibi."

"Gawa kwa sita."

"Tano."

"Toa robo. Hiyo ndiyo kamba yako."

Tulifunga uzi kwenye penseli, tukashika ncha kwenye ukingo wa kitambaa na kuchora nusu duara ndogo ya kiuno, kisha nyingine kubwa, inchi 36 chini yake na nusu ya kukunja. Kitenge kina upana wa kama inchi 45, kwa hiyo duara zima haliingii. Unakata nusu mbili na kuziunga ubavuni. Zilikwenda yadi nne na nusu na kitu, na iliyobaki ilitosha blauzi.

"Na pindo la kiganja?" akauliza, maana alishanisikia nikilisema sana. Hapo kloshi inanishinda. Ukingo wake ni wa mviringo, na chini ni mpana kuliko juu. Ukikunja inchi nne unapata makunyanzi matupu. Akiba ya kloshi haikai chini. Inakaa kwenye mfuko wa mabaki: nilimwekea kipande kirefu cha kitenge kile kile, ili akirefuka au kunenepa aweke mkanda mpana kiunoni na sketi ishuke. Mitindo mipya haikatai hekima ya zamani, ila inaitaka ihamie mahali pengine.

Sare za shule ndizo sijamwachia mtu. Siku hizi shule za msingi za serikali hazina ada, lakini sare bado ni ya mzazi, na Januari huja fedha za korosho zikiwa zinaelekea ukingoni. Sketi ya bluu ya dukani ina pindo la inchi moja. Mtoto wa miaka minane huipita kabla haijachakaa, na mzazi ananunua tena kitambaa ambacho angeweza kuwa nacho tayari, kimelala ndani ya ile ya kwanza.

Kwa hiyo ukipeleka kitambaa kwa fundi, Nachingwea, Ruangwa au popote ulipo, usimwoneshe picha tu. Mwambie abakize inchi moja kila ubavu na, kama si kloshi, nne chini, na ovaloki ipite ukingoni bila kukata. Atakwambia nguo itakuwa nzito na kitambaa kitapungua. Mwongeze nusu mita na fedha kidogo, kisha simama hapo hapo mpaka umwone anachora.