Mwenye Simu Aje Mwenyewe

Kazi ya ufundi simu ina maswali ya mchana na maswali ya jioni. Mchana watu wanauliza bei ya kioo, kwa nini chaji haipandi, na kama simu iliyoingia maji inapona. Jioni, watu wakipungua Mtaa wa Aggrey hapa Kariakoo, mtu anaegemea meza yangu na kushusha sauti: "Fundi, hivi mtu anaweza kusoma WhatsApp ya mwenzake bila yeye kujua?"

Anayeuliza anaweza kuwa mama muuza vitenge, dereva wa lori la Tunduma, binti aliyechumbiwa, au mzazi aliyekosa usingizi. Kwa muda mrefu nilimjibu kila mmoja kwa neno moja: haiwezekani, meseji zimefumbwa. Jibu hilo lilinifaa kwa sababu kwa sehemu kubwa lilikuwa kweli, na pia kwa sababu lilimwondoa mteja bila ugomvi. Siku hizi silitoi tena. Naandika haya kueleza kilichonibadilisha.

Nianze na ule ukweli uliokuwamo. Tangu Aprili 2016 kila meseji, picha na simu ya WhatsApp inafumbwa ndani ya simu ya anayetuma na kufumbuliwa ndani ya simu ya anayepokea. Kanuni inayotumika inaitwa Signal, na walioibuni ni Moxie Marlinspike na Trevor Perrin. Funguo za kufumbulia zinakaa kwenye simu zenyewe, kwa hiyo hata wenye WhatsApp hawawezi kuyasoma maneno yenu yakiwa njiani. Kampuni inayokuuzia bando inaona data zinapita tu. SMS ya kawaida haina ulinzi huo; mitambo ya kampuni ya simu inaipokea na kuipitisha ikiwa inasomeka.

Ndiyo maana wale wanaojitangaza mitandaoni kuwa ni wadukuzi, nipe namba tu nikuletee meseji zake zote, ni matapeli. Nimewaona waliolizwa. Unatuma hela ya kuanzia, unaambiwa uongeze ya "kufungulia seva", kisha namba haipatikani. Mteja wangu mmoja aligeuziwa kibao: asipoongeza pesa, mumewe atatumiwa maombi yote aliyoandika. Kwenda kushitaki akashindwa, maana angeanza kwa kueleza alikuwa ananunua kitu gani.

Uwezo wa kuiingia simu ya mtu ukiwa mbali upo duniani, ila hauuzwi Kariakoo. Mwaka 2019 WhatsApp iligundua kwamba simu zipatazo 1,400 zimeshambuliwa kwa Pegasus, programu ya kampuni ya NSO Group ya Israeli, na mwaka huohuo ikaifungulia kesi Marekani. NSO husema wateja wake ni serikali na vyombo vyake. Hapa jirani, mmoja wa waliokutwa na alama za Pegasus simu zao zilipochunguzwa ni Carine Kanimba, binti aliyelelewa na Paul Rusesabagina wa Rwanda. Na hata huko fumbo lenyewe halikuvunjwa. Programu iliingia ndani ya simu na kusoma kile ambacho mwenye simu naye anakisoma, kikiwa kimeshafumbuliwa.

Jambo hilo nilikuwa nikilijua kama habari ya wakubwa. Aliyenionyesha kwamba linatuhusu ni dada mmoja aliyekuja na simu isiyo na kasoro yoyote.

Yeye hakutaka kusoma ya mtu. Aliuliza, "Fundi, nani anasoma yangu?" Mumewe alikuwa anayajua mambo ambayo yeye alimwandikia dada yake peke yake. Alipopanga kimyakimya kwenda kwa mama yake Morogoro, alimkuta mume ameshamtangulia stendi ya Magufuli, Mbezi. Hakumfokea. Alimpokea begi tu, wakarudi nyumbani. Baada ya hapo yule dada akawa anaogopa hata kuandika "niko salama".

Nikaanza hadithi yangu ya meseji kufumbwa. Akanikatisha: "Sawa, zimefumbwa. Sasa amejuaje?"

Nikamwomba aifungue simu yake mwenyewe, tukaingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Palikuwa na kompyuta moja. Yeye hajawahi kumiliki kompyuta.

Kidole changu kilikuwa tayari kuiondoa, kwa maana fundi akiona kasoro anarekebisha. Akanishika mkono. "Ukiitoa sasa hivi, leo hiihii atajua. Halafu mimi usiku nalala wapi?" Nimefundishwa mambo mengi kwenye kazi hii, ila hilo sikulipata kwa fundi yeyote: kuondoa kifaa ni sekunde chache, lakini aliyekuwa akisoma ataona kimekatika, na hasira yake haitaishia kwenye simu. Tulikipiga picha kile kifaa kwa simu nyingine, pamoja na muda wa mara ya mwisho kilipotumika. Akaondoka kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na ndugu yake akamsindikiza. Kifaa kilikatwa baadaye, akiwa mahali pengine.

Usiku ule niliyapitia upya niliyokuwa nikiyajua. WhatsApp inaruhusu kuunganisha hadi vifaa vinne kwenye akaunti moja, na kila kimoja kinapewa funguo zake halali. Ile kompyuta haikuiba kitu njiani. Ilikuwa inaletewa meseji kama mwenyeji. Ili kuiunganisha, mtu alipaswa kuishika simu ikiwa imefunguliwa, au kumhadaa mwenyewe aiunganishe. Kwa kawaida mtu huyo si mdukuzi wa mbali. Ni mtu anayekaa karibu na simu unapooga, unapolala, unapopika.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Ufumbaji umewafungia nje wageni: mwizi wa mtandaoni, kampuni ya simu, hata wenye WhatsApp. Aliyebaki na njia ni yule tunayemwamini. Nilipokuwa nikijibu "haiwezekani", nilikuwa nikimzungumzia mgeni, wakati anayeuliza na anayeulizwa habari zake wanalala nyumba moja.

Njia nyingine nazo zinapita kwa watu wa karibu au kwa uzembe wetu wenyewe. Kuna ile namba ya tarakimu sita inayotumwa kwa SMS unaposajili WhatsApp. Ukimsomea mtu, umempa akaunti. Laini yako ikirudishwa upya mikononi mwa mtu mwingine, namba hiyo itaenda kwake, ndiyo maana nawahimiza wateja waweke PIN ya hatua mbili ndani ya WhatsApp na wapige *106# kuona ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao cha NIDA. Kuna nakala ya akiba, ambayo kwa miaka mingi ilihifadhiwa bila kufumbwa kama meseji zenyewe. Tangu 2021 unaweza kuifumba, ila ni mpaka uchague mwenyewe. Kuna wanaopenda ile WhatsApp ya GB kwa mapambo yake, wakati aliyeichezea ndani hatumjui.

Na kuna programu za upelelezi zinazotakiwa kupachikwa kwenye simu ya mlengwa. Kwa hizi, anayechungulia naye anachunguliwa. Septemba 2021 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliipiga marufuku SpyFone, pamoja na mkurugenzi wake, kufanya biashara ya upelelezi, na moja ya sababu ni kwamba ilishindwa hata kuzilinda taarifa ilizokusanya kutoka kwenye simu za watu. mSpy nayo imevujisha taarifa za wateja wake zaidi ya mara moja. Anayedhani anaweka siri ya mkewe mfukoni mwake anaiweka kwenye seva ya mtu asiyemfahamu.

Kwa hiyo swali la kama inawezekana nimeshalijibu: mgeni hawezi kirahisi, wa karibu anaweza. Lililobaki ni kama anaruhusiwa, na hilo nililipata kwa wakili, mteja wangu wa siku nyingi.

Siku hiyo bwana mmoja alikuwa amenitolea cheti cha ndoa mezani. Alitaka nimuunganishie simu ya mkewe, na alikuwa ameileta. "Ni mke wangu wa halali, fundi. Hapa kuna uhalifu gani?" Nilikataa, akaondoka amenuna. Wakili, aliyekuwa amekaa pembeni akisubiri kioo, akacheka: "Angeisoma Katiba asingekuletea cheti."

Akanieleza kwamba Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi, vyote ndani ya ibara moja. Unyumba na mawasiliano vimelindwa pamoja; hakuna mahali palipoandikwa kwamba ukiingia kwenye kimoja unakipoteza kingine. Anayeweza kuingilia ni yule aliyepewa uwezo na sheria, kwa utaratibu wa sheria. Mume hayumo, mke hayumo, na fundi hayumo.

Halafu ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 4 kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria, au kusababisha uingiliwe, na simu ya mkononi ni mfumo wa kompyuta kwa maana ya sheria hiyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kunasa mawasiliano ya mtu ni kosa jingine linalojitegemea. Nilimwomba arudie yale maneno "au kusababisha uingiliwe", kwa sababu hapo ndipo fundi anapokaa. Nikauliza, na kama mke mwenyewe alishamwambia mumewe neno la siri? Akasema kulijua neno la siri ni jambo moja, kuruhusiwa kusoma ni jingine; mtu akikupa ufunguo umwagilie maua hajakuruhusu upekue kabati.

Wateja wangu wa Mombasa wanaokuja kuchukua mzigo nawaambia kwao ni vilevile. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inampa anayeingia bila idhini faini ya hadi shilingi za Kenya milioni 5, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote.

Wapo wasiojali sheria ila wanajali dini. Shehe mmoja mzee, aliyeleta simu yake ya batani, alinikumbusha Surat Al-Hujurat, aya ya 12: inaonya juu ya dhana mbaya, kisha inakataza kupelelezana, kisha inakataza kusengenyana. Alisema mpangilio huo ndio mwendo wa jambo lenyewe. Unaanza kwa kudhani, dhana inakupeleka kuchungulia, na ukishachungulia huwezi kunyamaza. Wazee walishasema ukimchunguza sana bata huwezi kumla, wateja wangu wakaligeuza la utani. Shehe hakuwa anatania.

Kwa wazazi nina jibu tofauti kidogo. Mtoto aliye chini ya miaka 18 yuko chini ya malezi, na mzazi ana wajibu wa kujua anachokifanya. Huwawekea Family Link ya Google kwa sharti moja: mtoto awepo, aone tunachoweka. Itapanga saa za kutumia simu, itamtaka mzazi aidhinishe programu mpya, itaonyesha mtoto yuko wapi. Haisomi meseji za WhatsApp, na mzazi anayetaka hilo namwambia aketi na mwanawe waulizane.

Siku hizi ukutani pangu pana karatasi: mwenye simu aje mwenyewe. Simu iliyofungwa siifungui mpaka mwenyewe afike na kitambulisho, au nimsikie kwa sauti yake. Vijana ninaowafundisha nimewakataza kugusa simu ya mtu asiyekuwepo hata wakiongezewa hela. Wapo wateja waliohamia meza za jirani. Wamekuja wengine ambao sikuwa nao, wanaotaka kukagua za kwao: vifaa vilivyounganishwa, programu wasizozitambua, PIN ya hatua mbili. Kazi hiyo inachukua muda mfupi kuliko kubadilisha kioo. Nikikuta kitu, siku zote nauliza kwanza nililofundishwa na yule dada: ukikiondoa leo, utakuwa salama?

Na anayekuja ameshika moyo wake mkononi, ana uhakika kwamba anasalitiwa, namwambia kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka mabaraza ya usuluhishi, na kwa kawaida mahakama haisikilizi shauri la talaka kabla halijapita huko. Pale anaweza kuuliza kila alichotaka kuiuliza simu, na mwenzake akiwa amekaa mbele yake.

Wengine wanakasirika. Mmoja aliniambia, "Fundi, wewe kazi yako ni simu, mahubiri waachie wenyewe." Nikamjibu kwamba ni kweli kazi yangu ni simu, na ndiyo sababu lazima kwanza nijue simu ni ya nani.