Upper Hill: Kilima unakoulizwa habari za rafiki yako

Ndugu msomaji, ukipanda matatu yoyote ya Barabara ya Ngong kutoka katikati ya jiji la Nairobi, utavuka Uhuru Highway, utaanza kupanda mlima, na kabla hujakaa sawasawa kitini utamsikia kondakta akiita, "Community! Community wa kushuka!" Shuka hapo. Ukiiacha barabara kuu na kushika njia za upande wa kushoto, utakuwa umeingia Upper Hill.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, uwanda wa chini ulikuwa kinamasi chenye mbu na matope. Wakubwa wa reli hawakutaka kulala huko. Walipanda juu ya kilima, wakajijengea nyumba zenye bustani na upepo mzuri. Nyumba hizo karibu zote zimekwisha kubomolewa. Siku hizi ukiinua macho utaona majengo ya benki na kampuni za bima, na miongoni mwao mnara wa Britam wenye ghorofa 31 na urefu wa mita zipatazo 200, uliochongoka kileleni kama penseli.

Lakini leo hatukuja kutazama maghorofa. Tumekuja kwa ajili ya vijana unaowaona wakitembea kwa haraka katika Upper Hill Road, wamevaa nguo za heshima, bahasha na pasipoti mkononi, na midomo ikichezacheza kama ya mtu anayesali. Wengi wao hawasali. Wanakariri Kiingereza. Ofisi za British Council ziko katika barabara hiyo, na shirika hilo ni mojawapo ya wenye mtihani wa IELTS, ule unaopima Kiingereza cha wale wanaotaka kwenda kusoma au kufanya kazi ng'ambo. Mtihani huo ulianza mwaka 1989. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Ni hii ya mwisho inayowatoa watu jasho.

Dakika kumi na nne

Hebu tuingie pamoja, msomaji. Simu na mkoba vinabaki nje. Ndani unamkuta mtahini mmoja, meza, na kinasa sauti kinachohifadhi kila neno. Mahali pengine mtahini huonekana kwenye skrini tu, akiwa mbali, lakini mambo ni yale yale. Mazungumzo yote huchukua kati ya dakika 11 na 14.

Kwanza utaulizwa mambo mepesi: unaishi wapi, unafanya nini, unapenda chakula gani. Hizo ni dakika nne au tano za kupasha moto ulimi. Kisha mtahini atakupa kadi yenye mada, pamoja na karatasi na penseli. Una dakika moja ya kufikiri na kuandika vidokezo. Baada ya hapo utazungumza peke yako hadi dakika mbili, naye hatakukatiza. Mwisho mtarudi kwenye mjadala unaotokana na mada ile ile, lakini sasa maswali yatakuwa mazito zaidi.

Mada zenyewe ni nyingi, lakini iko moja ambayo kila anayejiandaa huitarajia: eleza habari za rafiki yako. Ni nani? Mlijuana vipi? Mnafanya nini pamoja? Kwa nini unampenda?

Utasema, "Hilo nalo ni swali? Nina marafiki tele!" Naam, unao. Lakini jaribu sasa hivi, hapo ulipoketi na gazeti lako. Tazama saa, umweleze rafiki yako mmoja kwa Kiingereza kwa dakika mbili kamili. Wengi wetu baada ya sekunde 30 tutakuwa tumekwisha kusema kwamba ni mtu mzuri, ni mkarimu, ni mcha Mungu, anapenda kandanda. Kisha kimya. Na kimya cha sekunde kumi mbele ya mtahini ni kirefu kuliko foleni ya magari ya Ijumaa jioni.

Kilichomo mizanini

Si jambo la mzaha. Katika kilima hiki hiki, mwendo mfupi tu kutoka ofisi hizo, ipo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, na leo ndiyo hospitali kubwa ya rufaa nchini. Muuguzi anaweza kumaliza zamu yake ya usiku pale, akanawa uso, akatembea kwa miguu hadi kwenye mtihani wa kumpeleka Uingereza.

Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuwaajiri wahudumu wa afya kutoka hapa. Watu wakashangilia. Baadaye mwaka huo huo, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Nchi nzima iliduwaa. Watu waliosoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, wanaoandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku, wameangukaje?

Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza hutaka alama 7 kati ya 9 katika kuzungumza kwa anayepitia IELTS. Anayekosa hulipa upya, na ada yenyewe si pesa ya mboga. Kuna nyumba ambazo mbuzi ameuzwa, na nyingine ambazo ndugu wamechanga. Hata anayefaulu hapumziki sana, kwa maana matokeo hayo huhesabiwa kuwa halali kwa miaka miwili tu.

Neno rafiki lina ukubwa gani?

Kwa maoni yangu, msomaji, ugumu wa mada ya rafiki hautokani na uchache wa maneno ya Kiingereza. Unatokana na ukweli kwamba sisi tuna urafiki wa aina nyingi, na jina moja tu la Kiingereza la kuwabandika wote.

Fikiria. Kondakta hukwambia, "Rafiki, songa mbele." Mwenye duka la vinyago humwita mtalii rafiki kabla hajamjua jina. Kisha yuko mwandani, yule aliyeingia ndani ya maisha yako. Yuko msiri, anayebeba siri zako. Yuko sahibu, na kwa wanawake wa Pwani yuko somo na shoga. Vijana wa jijini wana beste wao. Unapomwambia mtahini "friend", yeye hajui ni yupi kati ya hao. Usimlaumu. Jina halijamwambia kitu, ni juu yako kumwonyesha matendo.

Wahenga walisema kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi iseme hiyo dhiki. Usiseme ni mkarimu. Sema alikupa viatu vyake uende navyo kwenye usaili wa kazi, naye akashinda nyumbani na ndala. Usiseme ni mwaminifu. Sema mlipofiwa kwenu alikuja kila jioni, akaosha sufuria hadi matanga yakaisha. Na hapo usiogope kwamba Kiingereza hakina neno la matanga. Eleza: kwetu, mtu akifiwa, jamaa na majirani hukusanyika kwake jioni baada ya jioni kumliwaza, kupanga mazishi na kuchanga pesa. Ukimaliza kueleza hivyo utatazama saa ushangae kuona kwamba dakika mbili zimekwisha, na hukuhitaji neno gumu hata moja.

Mitego mitatu

Iko mitego ambayo lugha zetu hututegea, na ni vizuri kuijua mapema.

Wa kwanza ni wa mume na mke. Kiswahili husema "alinisaidia", na lugha nyingi za mama nchini hufanya vivyo hivyo, bila kujali kama aliyesaidia ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza hakikubali. Ndiyo maana utamsikia mtu akianza na Kamau, katikati Kamau akawa dada, na mwisho akarudi kuwa kaka. Katika mada ya rafiki utamtaja mtu huyo mara ishirini au zaidi, kwa hiyo mtego huu hunasa kuliko wote. Chagua rafiki mmoja, umwone usoni akilini mwako, usimwachilie.

Wa pili ni wa wakati. Urafiki ulioanza zamani na ungali unaendelea una umbo lake katika Kiingereza. Wengi hulikosa, wakasema kana kwamba wanamjua mtu huyo leo tu, au walimjua zamani wakaachana. Kumbuka -me- ya "nimemjua kwa miaka kumi". Inakuonyesha njia: anza ulikoanzia, ufike hadi leo.

Wa tatu ni mzuri hata kuutaja. Sisi husema, "Tulisoma na Achieng." Tulikuwa wangapi? Wawili, mimi na Achieng. Mwingereza akisikia sentensi hiyo imehamishwa ilivyo, atahesabu watu watatu au zaidi: kundi la "sisi", halafu Achieng kando. Katika Kiswahili rafiki amekwisha kuingia ndani ya "tu" kabla hata hajatajwa jina. Katika Kiingereza lazima umtaje kwanza, Achieng na mimi, ndipo mwende shuleni.

Mtahini hupima mambo manne: unavyotiririka na kupanga mawazo, msamiati, sarufi, na matamshi. Katika matamshi hatafuti Kiingereza cha puani. Anataka kukuelewa bila taabu, hata kama lafudhi ya nyumbani inasikika. Wala hapimi kama rafiki yako ni mwema au ni tajiri. Lakini hotuba ya kukariri huigundua upesi, kwa kuwa wanafunzi mia wa mwalimu mmoja huwa na rafiki mmoja, mwenye tabia zile zile, waliyekutana naye siku ya kwanza ya shule.

Liko pia jambo la malezi. Tumelelewa kumjibu mkubwa kwa ufupi, macho yakitazama chini. Nyumbani hiyo ni heshima, lakini katika chumba kile ni hasara. Ukiulizwa katika mjadala wa mwisho kama ni rahisi kupata marafiki utotoni kuliko ukubwani, "ndiyo" peke yake haitoshi. Toa sababu, toa mfano, na hata ukitaka kupinga, pinga kwa adabu. Wazazi, hili tunaweza kulianza mezani wakati wa chakula cha jioni, kwa kumwuliza mtoto "kwa nini?" na kumngojea amalize.

Mwenzi wa njia

Ukitoka, shuka mlima kwa miguu hadi Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1969. Ni mahali pazuri pa kufanyia mazoezi ukiwa na mwenzako: mmoja ashike saa, mwingine azungumze, kisha mbadilishane.

Neno letu rafiki limetoka katika Kiarabu, na kule asili yake ni mwenzi wa njia, mtu wa kusafiri naye. Waarabu wana methali inayohimiza kumtafuta mwenzi kabla ya kuitafuta njia. Mtihani huu nao ni wa kutafuta njia. Anayefaulu hupanda ndege, na mara nyingi yule aliyemweleza kwa dakika mbili ndiye anayebaki nyuma, akipunga mkono pale uwanjani Embakasi.

Sisi ni watu wa kusifiana makaburini. Rafiki humsikii akisifiwa hadi yumo jenezani, na mambo yote mazuri husomwa yeye asisikie. Kwa hiyo, msomaji, ukiisha kumweleza mgeni kwa Kiingereza jinsi rafiki yako alivyokufaa, nenda ukamweleze na mwenyewe, kwa lugha mnayoongea kila siku, kabla hujafunga sanduku.