Kasri la Baridi na Swali Nililoona Haya Kuuliza

Wengi mmeniuliza fungate yetu ya Roma ilikuwaje, na picha mmeshaziona. Leo nataka kuwahadithia jambo ambalo halimo kwenye picha, nalo ni aiskrimu.

Siku ya pili tangu tufike tulipita kwenye duka dogo karibu na hoteli. Foleni ndefu, muuzaji ana haraka, na Kitaliano changu kinaishia kwenye "grazie". Nikaona moja ya njano yenye mistari myekundu kama ubuyu wetu, nikanyoosha kidole. Kikombe kimoja, vijiko viwili, maharusi tena! Kijiko cha pili tu nikahisi kitu kikali kinapanda puani. Nikajisemea labda viungo. Nikala tena. Sitaki kuwadanganya, moyo ulishashtuka, lakini niliona haya kukitupa kikombe mbele ya mume niliyekuwa naye siku tisa tu, kwa hela aliyotoa mfukoni mwake.

Usiku nikalitafuta jina lile kwenye simu. Zuppa inglese. Maana yake "supu ya Kiingereza", na wekundu wake ni wa Alchermes, pombe ya viungo. Kilichoniuma zaidi ni kuwa jina lenyewe limetokana na Kiarabu, al-qirmiz, wale wadudu waliokuwa wakitoa rangi nyekundu zamani. Jina la kwetu, ndani ulevi.

Baada ya Isha nikamwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mimi nilihisi. Nilikuona umefurahi, nikaogopa kukutia aibu." Basi tulikuwa wawili, kila mmoja anamsitiri mwenzake kwa kunyamaza, na kikombe kinapungua. Tukaomba msamaha kwa Mola wetu, tukawekeana ahadi: atakayehisi kitu, aseme pale pale.

Kesho yake nilitaka tuache kabisa habari za aiskrimu. Yeye ndiye aliyekataa. Akanipeleka kwa Fassi, mtaa wa Via Principe Eugenio, karibu na uwanja wa Piazza Vittorio. Ukienda Roma usiikose sehemu hii. Utakuta maduka ya Wabangladeshi, mabucha ya halali, na mtandio wako haumshughulishi mtu. Ukoo wa Fassi ulianza biashara mwaka 1880, na jengo hili waliingia mwaka 1928. Wameliita Palazzo del Freddo, yaani Kasri la Baridi, na kweli ni ukumbi mkubwa, dari iko juu, mashine za zamani zimewekwa watu wazitazame.

Unalipa kwanza kwa keshia, unapewa risiti, ndipo unakwenda nayo kwenye kaunta kuchagua. Mimi nilikuwa nimeshika simu yenye maneno mawili niliyoyafanyia mazoezi hotelini: "C'è alcol?" Maana yake, kuna pombe? Nyuma yangu familia nzima inasubiri. Mikono inanitoka jasho. Nikauliza kwa sauti ndogo, hakusikia. Nikauliza tena, safari hii nadhani hadi mlangoni wamesikia! Yule baba wa kaunta hakucheka wala hakukasirika. Akaanza kunionyesha moja moja kwa kijiko chake: hii hapana, hii sawa.

Bibi harusi, majina haya yashike. Zabaione ni viini vya mayai, sukari na mvinyo wa Marsala. Malaga ni zabibu zilizolowekwa kwenye ramu. Babà nayo ina ramu. Tiramisù hutegemea mtengenezaji, wengine hutia, wengine hawatii, kwa hiyo uliza. Limau ya sorbetto haina maziwa, na neno lenyewe ni ndugu wa sharubati yetu. Pistachio ikiwa kijani cha kung'aa kama rangi ya ukuta, nunua kwingine; ya kweli imefifia, inaelekea kahawia. Na msishangae gelato kuwa nzito: hupigwa hewa kidogo kuliko aiskrimu tuliyoizoea, na haigandishwi sana, ndiyo maana ladha inafika ulimini mara moja.

Mimi nikachukua limau na nocciola, ile njugu inayotiwa kwenye chokoleti ya kupaka mkate. Yeye akaonyesha nyeupe iliyoandikwa riso. Mchele! Nikamwambia, bwana wewe, umetoka Unguja kuja kula mchele Roma? Wakamwekea na krimu iliyopigwa juu, tukakaa kwenye meza ndogo.

Akaonja, akafumba macho. Akanipa kijiko. Punje za mchele laini, maziwa, utamu wa kiasi. Nikala cha pili, cha tatu, nikijisikiliza kama kuna kitu kinapanda puani. Hakuna.

"Unahisi kitu?" akaniuliza.

"Nahisi firni," nikamwambia.

"Firni ya mama ina iliki."

"Hii haina."

"Ndiyo maana nimekuuliza," akasema, akasimama kurudi kwa keshia kulipia kikombe kingine, kile kikubwa.