Njoo Jumatatu

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2024 nikiwa na daraja la tatu na madaftari matatu ya riwaya ambayo mpaka leo haijaisha. Chuo sikupata. Mjomba aliona nisikae tu nyumbani nikiandika habari za watu ambao hawapo, kama anavyosema mwenyewe, akanitafutia nafasi ya kujifunza kazi kwa miezi mitatu katika tawi moja la benki pale Morogoro mjini. Benki yenyewe sitaitaja. Mshahara hakuna, ila nauli na chakula cha mchana. Nikafungwa tai ya mjomba, nikaazima viatu, nikaanza kazi Jumatatu ya tarehe 6 Januari 2025.

Kumbe siku hiyo haikuwa siku ya kawaida. Ndiyo siku Benki Kuu ilipoanza kuziondoa noti za zamani: zile za kuanzia 1985 mpaka 2003, tangu ya shilingi 20 hadi ya 10,000, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010, ile ambayo sarafu ilishachukua nafasi yake tangu 2014. Mwenye nazo alipewa mpaka tarehe 5 Aprili awe amezibadilisha, Benki Kuu au katika benki yoyote ya biashara. Baada ya hapo ni karatasi.

Nilidhani benki ni hela. Wapi! Benki ni karatasi: fomu ya kuweka, fomu ya kutoa, nakala ya kitambulisho, nakala ya nakala. Wiki mbili nzima nilitoboa matundu na kufunga mafaili kwa kamba. Hela nilizikaribia mwezi wa pili, pale dada mmoja keshia aliponiita ndani nimsaidie kupanga zile noti kuukuu. Alinifundisha noti mia hufanya bunda moja, sura zote zielekee upande mmoja, mbovu zikae peke yake. Mashine ilikwisha kuhesabu, lakini yeye alirudia kwa vidole.

"Mashine haikatwi mshahara," aliniambia. Ikipungua hela jioni, anayelipa ni keshia.

Noti zile zilikuwa na harufu. Nyingine zilinuka moshi, nyingine mafuta ya taa, nyingine udongo mtupu. Nilikuwa nazinusa kwa siri, si mnajua tena mtu mwenye wazimu wa kuandika. Mzee mmoja alileta noti kumi na saba za 200, zenye sura ya Mzee Mwinyi, jumla shilingi 3,400. Nauli yake tu ilizidi hapo. Alipokabidhiwa mpya alicheka, akasema alitaka kuona kama serikali bado inakumbuka ahadi zake. Siku hiyo niliipenda benki.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Ijumaa ya tarehe 4 Aprili ilikuwa siku yangu ya mwisho. Foleni ilitoka nje ya mlango, mtandao umekatika mara mbili, makeshia wamenuna. Niliwekwa mlangoni pamoja na mlinzi kupanga watu. Yapata saa tisa na nusu akaja bibi mmoja, kanga mbili, kandambili za vumbi. Nikamwamkia, akaitikia. Alisema ametoka Mgeta na gari la mboga. Akanivuta pembeni, akafungua fundo la kanga kidogo tu, kama anayeonyesha mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na noti za 10,000 na za 5,000, zote za zamani, ncha zimeliwa na mchwa. Marehemu mumewe alizificha darini bila kumwambia mtu. Sikuzihesabu, lakini jicho langu la miezi mitatu liliniambia haipungui laki nne.

Nikatazama foleni, nikatazama saa. Nikamwambia, "Bibi, leo watu wengi. Njoo Jumatatu."

Ndilo neno la pale. Kadi haijafika? Njoo Jumatatu. Meneja hayupo? Njoo Jumatatu. Nililisikia kila siku mpaka likakaa mdomoni mwangu lenyewe, wala sikufikiri. Kesho yake, Jumamosi, tulikuwa tunafungua hadi saa sita na nusu, na ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Jumatatu yenyewe ilikuwa tarehe 7, Siku ya Karume, benki zote zimefungwa. Yote hayo nilikuwa nayajua. Tangazo nililibandika ukutani mimi mwenyewe.

"Asante baba," akasema, akafunga fundo lake.

Nililikumbuka tangazo usiku, kitandani. Nilikaa kitako gizani. Asubuhi nilikimbia benki ingawa muda wangu ulishakwisha, nikasimama mlangoni mpaka wanafunga. Hakutokea. Angetokeaje? Aliambiwa Jumatatu.

Jumanne nilikwenda kuchukua barua yangu ya sifa. Nilimkuta dirishani. Alikuja Jumatatu akakuta kufuli, akalala kwa mpwa wake Mafiga. Yule dada keshia alikuwa akimweleza kwa upole kwamba muda umepita, hawezi kuzipokea.

"Lakini kuna kijana aliniambia Jumatatu," bibi akasema. Akageuka, akaniona. "Baba, si wewe?"

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, barua mkononi, bado hajaitia sahihi.

Nikasema, "Hapana bibi. Labda mwingine."

Alinitazama kwa muda. Hakubisha. Huenda kwa macho yake ya uzee vijana wenye tai tunafanana wote. Akalikusanya fundo, akatoka, na mlinzi akamfungulia mlango kwa heshima. Mlinzi alikuwapo ile Ijumaa. Aliangalia chini.

Barua ninayo. Imeandikwa kuwa mimi ni kijana mwaminifu, msikivu, na nawajali wateja. Nilipotoka nayo nilikwenda mpaka yanaposimama magari ya Mgeta, nikauliza. Utingo mmoja akaniuliza, bibi yupi, anaitwa nani? Nikashindwa kujibu. Jina lake ningelisoma kwenye fomu, na fomu sikumpa.