Usiku Mmoja wa Kimya Kabale

Akaaye mahali penye watu wengi huzijua sauti za usiku kama mkulima ajuavyo mawingu. Koplo mmoja wa polisi, mama wa watoto wanne, amekaa miaka kumi na mmoja katika kambi moja mjini Kampala, ndani ya ile nyumba ya bati ya mviringo iitwayo unipoti. Shuka lililotundikwa kwenye kamba ndilo linalotenga mahali pa wazazi na mahali pa watoto. Jirani akikohoa, husikika. Mtoto wa jirani akilia, kina mama wawili huamka. Hodi ya usiku wa manane yaweza kuwa ya mgonjwa, ya mlevi, au ya afande atafutaye askari wa zamu. Kwa hiyo mama huyu amejizoeza kulala usingizi wa mlinzi: macho yamefumba, lakini sikio li mlangoni.

Siku moja aliitwa kwenda Kabale kutoa ushahidi mahakamani. Mtuhumiwa alikuwa amekimbilia Kampala, na koplo huyu ndiye aliyemkamata katika kituo cha mabasi na kumkabidhi kwa askari waliotoka huko. Akapewa nauli na posho ya usiku mmoja. Habari haikukawia kuenea kambini. Jirani mmoja akamtania kisimani, mbele ya wenzake, “Haya, Mama, hotelini peke yako! Nani atakuzimia taa?” Wanawake wakacheka. Naye akacheka, lakini maneno yale yalimchoma. Mumewe, ambaye ni mwanajeshi, hakuuliza lolote. Alimfungia mkoba, akamwambia, “Safari njema, Mama.”

Kutoka Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilometa 400, kwa njia ya Masaka na Mbarara. Basi huvuka mstari wa Ikweta huko Kayabwe, likapita nyika za ng’ombe wenye pembe ndefu, kisha likaanza kupanda milima iliyokatwa matuta ya mashamba toka bondeni hadi kileleni. Mji wenyewe uko zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jua likishatua baridi hushuka kama mgeni mwenye haki ya kuingia. Mama huyu alifika jioni, akiwa amejitanda kitenge juu ya koti.

Nyumba ya wageni aliyoipata ilikuwa ya kawaida tu. Ufunguo ulifungwa kwenye kipande cha ubao ili mgeni asiuchukue kwa kusahau. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja, blanketi mbili nzito, meza, kiti na dirisha lielekealo mlimani. Aliletewa maji ya moto akaoga bila mtu kugonga mlango. Aliletewa viazi mviringo na mchuzi wa karanga, akavila vingali vikitoa moshi. Alipokuwa akila ndipo alipotambua kwamba amesahau ladha ya chakula cha moto, maana nyumbani sahani ya mama hujazwa mwisho na huliwa kwa vituo.

Saa moja usiku alipiga simu nyumbani. Watoto walikuwa wamekula, na mdogo alikuwa amekwisha kulala. Akapiga pasi sare yake, akaitundika mlangoni, akasoma tena maelezo ya kesi, kisha akaiweka simu juu ya meza, mbali kidogo na mkono. Akajilaza katikati ya kitanda. Hilo pekee lilimfanya atabasamu gizani, kwani tangu aolewe alikuwa amelala ukingoni, tayari kuinuka.

Palikuwa kimya. Mbwa alibweka mbali, mara moja, akanyamaza. Mvua nyepesi ikapita juu ya paa, wala hakuna aliyehitaji beseni la kukinga mahali panapovuja. Akalala.

Saa nane za usiku aliamka mwenyewe. Ndiyo saa ambayo nyumbani humwamsha mtoto mdogo akojoe. Alikwisha kutia miguu sakafuni alipokumbuka kwamba hakuna wa kuamshwa. Akarudi ndani ya blanketi, na hapo furaha ikamjia, furaha kamili isiyo na sababu nyingine ila kwamba hakuna aliyekuwa akimhitaji. Nyuma yake ikafuata aibu. Je, ni mama wa namna gani afurahiaye kuwa mbali na wanawe? Alijipima kwa uaminifu kama apimavyo maneno ya shahidi. Aliwapenda watoto wake usiku ule kama alivyowapenda mchana. Mapenzi hayakupungua hata kidogo. Kilichopungua ni uchovu.

Ndipo alipoukumbuka mwembe.

Uganda ilipeleka askari wake wa kwanza Mogadishu mwezi Machi 2007, na katika miaka iliyofuata vikosi vilipokezana huko. Mumewe naye alipata zamu yake, akakaa mwaka mzima. Aliporudi, kila jioni alichukua kigoda akaenda kukaa peke yake chini ya mwembe ulio nyuma ya kambi. Mkewe alipomuuliza anatafuta nini huko, alijibu, “Nataka kukaa tu.” Jibu hilo liliwasha moto. Mke aliona amechokwa. Akahisi kuna mwanamke mwingine, akaikagua simu ya mumewe, akasema maneno ambayo jirani wote waliyasikia, kwa kuwa bati halitunzi siri. Mume hakujitetea. Aliacha kwenda mwembeni, akawa anakaa mlangoni kimya kama mtu aliyefungwa. Tangu hapo watu hawa wawili waliishi kwa adabu, lakini bila raha.

Sasa, katika chumba cha kukodi, mke alilielewa neno lile. Kukaa tu. Naye pia alikuwa akikaa tu, wala hapakuwa na mwanamume yeyote nyuma ya furaha yake.

Asubuhi ukungu ulijaa bondeni hata vilima vikawa kama visiwa. Alikunywa chai, akaenda mahakamani, akatoa ushahidi wake bila kubabaika. Jioni ya siku ya pili alikuwa amewasili kambini.

Watoto walipolala, mumewe aliuliza, “Ulilalaje huko, Mama?”

Angeweza kusema, kama desturi, kwamba hakupata usingizi kwa kuwafikiria. Ndivyo mke mwema atarajiwavyo kusema. Badala yake akajibu, “Nililala vizuri sana, Baba. Peke yangu, na nilifurahi.” Kisha, kwa sauti ya chini, “Ule mwembe, Baba. Nilikuonea.”

Mume alinyamaza kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, “Kule tulilala wengi katika handaki moja. Hata aliyesali alisali huku akigusana bega na mwenzake. Mwaka mzima sikuwa peke yangu hata dakika kumi.” Hakuwa amewahi kumwambia hayo.

Nyumba za askari zina dhiki ya nafasi, na dhiki hiyo haiondoki kwa siku moja. Lakini saa moja ya kimya haihitaji chumba cha ziada. Yahitaji tu mtu wa pili aseme, “Nenda, mimi nipo,” na aseme bila wivu. Mwenye kukaa peke yake kidogo hajawakimbia wenziwe. Aghalabu amekwenda kuchota nguvu za kuwarudia.

Siku hizi Jumamosi jioni kigoda huenda mwembeni na baba, na Jumapili huenda na mama. Majirani wamesema walivyosema, wakachoka. Watoto wakiulizwa mzazi wao yuko wapi, hujibu, “Anapumzika,” kisha huendelea na mchezo.