Maji Matamu na Maji ya Chumvi

Huku kwetu Haut-Lomami mzee husafirishwa kwa sababu mbili tu, ugonjwa au msiba. Akionekana kituoni na mkeka wake na sufuria yake, watu humwuliza ni nani aliyelazwa Kamina, au ni nani aliyefariki Likasi. Hapana anayedhani kwamba mzee aweza kwenda mbali ili atazame tu. Kwa hiyo nilipowaarifu ndugu zangu wa Kabondo-Dianda kwamba nimekusudia kumpeleka Mama mpaka kisiwa cha Unguja, nao wakaona kwamba si mgonjwa wala hatuna maiti huko, mjomba aliitisha baraza la ukoo.

Maneno ya mjomba yalikuwa ya haki. Mama alikuwa amekwisha timiza miaka 71. Miguu yake huvimba akikaa mno. Fedha niliyoiweka akiba katika miaka mitano ya kufundisha ingetosha kuezeka nyumba mbili kwa mabati. Tena akifia njiani, katika nchi ya watu, nani atamrudisha alale karibu na marehemu baba? Nilijibu nilivyoweza, lakini majibu ya mwalimu hayakumridhisha mtu. Hata mwisho Mama mwenyewe akanena: "Mimi nachukua jina la mtu aliyepotea. Nataka kuiona njia aliyopitishwa, kabla sijamfuata."

Hapo sharti nieleze kwa ajili ya wasomaji wasio Waluba. Kwetu jina si alama ya kumtofautisha mtoto na wenzake tu. Mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyetangulia, naye hulichukua kama moto uchukuliwavyo kutoka jiko moja kwenda jiko jingine. Jina la Mama lilikuwa la dada mkubwa wa bibi yake, msichana aliyekamatwa mtoni na watu wa msafara, katika miaka ya mwisho kabla Wabelgiji hawajaimiliki nchi. Walielekea jua linakotoka. Hakuzikwa, wala hakuombolezwa kwa desturi, kwa kuwa hapana aliyethubutu kutamka kwamba amekufa.

Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akauliza safari ni ya siku ngapi.

Vitabu vyatusaidia kuielewa habari hiyo. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron, aliyekuwa akivuka Afrika kutoka mashariki hata magharibi, alifika Kilemba, makao ya Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba. Huko alimkuta mfanyabiashara wa upande wa mashariki, Juma Merikani, amekwisha fanya makao yake. Akamkuta na mwingine wa upande wa Angola, jina lake Alvez. Yaani nchi yetu ilikuwa ikivutwa huku na huku, kama nguo inayogombaniwa na watu wawili. Watu wa Kongo ya magharibi walikuwa wamekwisha vushwa bahari kwa karne nyingi, mpaka visiwa vya Karibiani. Na Haiti, iliyojitwalia uhuru mwaka 1804, hata leo ina damu nyingi ya Kongo. Waliopelekwa mashariki walivuka ziwa Tanganyika, wakapita Ujiji na Tabora, wakatokea Bagamoyo, na mbele yake Unguja. Njia hiyo ndiyo tuliyoichagua, ingawa kuna mabasi ya Lubumbashi yapitayo Zambia na kufika Dar es Salaam upesi zaidi.

Sitawachosha kwa habari za pasipoti. Nasema tu kwamba anayetaka kumsafirisha mzee aanze mapema, na asisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana Tanzania huidai kwa watokao kwetu. Dawa za shinikizo la damu nazo zitoshe kwenda na kurudi. Siku ya kupigwa picha Mama alikataa kabisa kuvua kitambaa chake cha kichwani mbele ya kijana asiyemjua, na jambo hilo peke yake lilitupotezea asubuhi nzima.

Reli ipitayo kwetu ni ile iliyounganisha Bukama na Ilebo mwaka 1928. Mama amelala akiisikia maisha yake yote, wala hakuwahi kupita Kamina. Gari la moshi lilichelewa siku mbili, neno ambalo kwetu si habari. Tulipokwisha kupanda, aliketi karibu na dirisha, akawa anahesabu vituo kwa kufunga mafundo katika ncha ya kitenge chake. Kila kituo wanawake walileta ndizi, kuku wa kuchoma na samaki wa chumvi, naye aliuliza bei ya kila kitu bila kununua, ili apate kuwasimulia wenzake. Karibu na Kabalo tuliuvuka mto mpana. Nikamwambia, "Mama, huu ndio Lualaba." Hakusadiki. Lualaba anaoujua yeye ni wa Bukama, mto wa samaki wa ndugu zake. Utafikaje huku mbele yetu, na sisi tumepanda gari la moshi? Nilimchorea karatasini jinsi mto unavyopita katika maziwa ya Upemba na kuzidi kwenda kaskazini. Alitazama karatasi, akatazama maji, akasema, "Basi nao ulisafiri, nasi tulikaa."

Huko Kalemie ndiko alikoona maji yasiyo na ng'ambo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 650, na kina chake ni zaidi ya meta 1,400; katika dunia yote ni ziwa moja tu linalolipita kwa kina, nalo ni Baikal la Urusi. Mama alishuka mpaka ufukoni, akachota kwa kiganja, akaonja. "Mbona ni matamu? Ulisema bahari ina chumvi." Nilimweleza kwamba bahari bado. Hakupendezwa. Aliona kwamba maji mapana kiasi hiki yangetosha, na kwamba msichana wa kwetu aliyeyafikia, akiwa na mti wa kongwa shingoni, alijua hapo kwamba hatarudi. Usiku ule katika meli ya kwenda Kigoma hakulala. Nilidhani anaogopa mawimbi, kumbe alikuwa akisali rozari yake na kutazama pwani ya Kongo ikizama gizani. Mimi ndiye niliyetapika.

Kigoma alistarehe. Alikuta dagaa, ambao sisi twawaita ndakala, wameanikwa mchangani kwa wingi asioujua, akawakagua kama mkaguzi wa shule. Kosa lilikuwa la lugha tu. Alipoomba "mayi" kijana wa hotelini alitabasamu, na watoto walipomwambia "Shikamoo, bibi," hakujua la kujibu, maana kwetu husema "Jambo, mama," yakaisha. Nilimfundisha kuitikia "Marahaba." Kufika siku ya tatu alikuwa akisimama mbele ya watoto na kuingoja shikamoo yake, na asiyeitoa aliangaliwa vikali.

Ujiji twaliona mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Mwongozaji alitueleza habari za wazungu hao kwa bidii kubwa. Mama alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Na wale waliowabebea mizigo, walikutana na nani?" Mwongozaji alicheka, lakini sidhani Mama alikuwa akitania.

Kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 1,200, kwa reli iliyofikishwa ziwani na Wajerumani mwaka 1914. Tuliipita kwa siku mbili, miguu ya Mama ikiwa juu ya gunia langu la nguo, na kila kituo kirefu nikimtembeza kidogo. Kutoka Dodoma kwenda pwani pana reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Gari lake lilitupita kama mshale, nasi tukaendelea na mwendo wetu wa zamani. Aliyeyatembea haya kwa miguu, jua na mvua, alihitaji miezi.

Sasa nifike Unguja. Meli ya Dar es Salaam yachukua yapata saa mbili. Mama alikuwa amejitayarisha kwa kisiwa kama vile visiwa vya Kisale, cha matope na mafunjo. Akaona minara, na majumba meupe yaliyosongamana, na vichochoro ambavyo mtu akinyosha mikono miwili hugusa kuta za pande zote. Tulipanga chumba karibu na kanisa letu la Mtakatifu Yosefu, lile liitwalo na wenyeji Minara Miwili, lililojengwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19. Jioni ile adhana na kengele zilifuatana, naye akaniuliza kama watu hawa hawagombani. Nilimwambia kwamba mama muuza maandazi aliyetuonyesha njia ya kanisa alikuwa Mwislamu. Akaridhika.

Asubuhi yake tulikwenda Mkunazini. Hapo ndipo palipokuwa soko la watumwa, na juu yake limesimama kanisa kuu la Waanglikana, kazi ya Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Nje ya kanisa kuna shimo lililojengwa kwa mawe, na ndani yake sanamu tano za watu wenye minyororo shingoni, zilizochongwa na Clara Sörnäs, mwanamke wa Sweden. Hazionyeshi mateso kwa makelele. Zimesimama tu, zimezama hata miguuni, kama watu waliokwisha acha kungoja.

Mimi ni mwalimu, nikaona ni wajibu kusema kweli. Nikamwambia Mama kwamba soko hili lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na kwamba dada wa bibi yake alichukuliwa baada ya hapo, hata hakuweza kuuzwa mahali hapa hadharani. Pengine alibaki Ujiji, pengine Tabora. Pengine alivushwa kwa siri usiku, maana mashamba ya mikarafuu yalizidi kutaka mikono, na utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja mpaka mwaka 1897. Pengine hakuufikia hata ufuko wa Tanganyika.

Mama akajibu: "Soko lilifungwa, njia haikufungwa." Kisha akavua viatu, akafungua kitambaa cha kichwani, kile alichokikatalia mpiga picha, akaketi chini kandokando ya shimo. Akaanza kulia kwa Kiluba, kilio cha matanga, akitaja jina lake mwenyewe. Nimesikia vilio vingi, lakini sijapata kumsikia mtu akijililia kwa jina lake. Wageni wa Ulaya waliokuwa wakipiga picha waliteremsha simu zao. Mlinzi alikuja haraka, akasikiliza kidogo, akarudi nyuma na kuwazuia watu wengine wasikaribie. Kilio kilichukua kama robo saa. Alipokwisha alisali Baba Yetu na Raha ya Milele, nami nikaitikia. Halafu akavaa viatu, akafunga kitambaa, akasema ana njaa.

Tulikula karibu na soko la Darajani. Mpishi alikuwa bibi wa makamo ya Mama, naye alitupakulia kisamvu kilichopikwa kwa nazi. Mama alikitambua papo hapo: "Sombe!" Alikula, akasifu, kisha akaeleza bila kuombwa kwamba mawese yangefaa kuliko nazi. Mpishi hakuchukizwa. Aliuliza mgeni ametoka wapi, na aliposikia ni Kongo, akaketi. Babu yake, alisema, aliitwa Mmanyema na watu wa mtaani, na katika ujana wake yeye jina hilo lilikuwa la kudharauliwa. Wazee walificha lugha zao na kuwakataza watoto kuuliza. Hata Dar es Salaam, akasema, kuna Msikiti wa Manyema, na wanaosali humo si wote wajuao jina hilo limetoka wapi. Neno moja tu la babu yake ndilo lililobaki kwake, naye alilitamka polepole kwa aibu. Mama hakulijua; halikuwa la Kiluba. Wale mabibi wawili wakacheka mpaka machozi, wakaanza kuitana dada.

Alasiri walikwenda pamoja ufukoni, mimi nikifuata nyuma na mikoba. Mama akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Ndipo aliposadiki. Alijaza chupa moja ya maji ya bahari kwa ajili ya nyumbani, akaifunga kwa kitambaa na mpira, maana kwa maneno peke yake, alisema, mjomba hataamini. Mwenyeji wake alimpa kanga na kifurushi cha karafuu. Naye akatoa ndakala zake za Kigoma, alizozibeba njia nzima bila kuniambia kwamba ni za nani. "Wafwako," Mama akasema kwa Kiluba, ndiyo ahsante, na yule bibi akalirudia neno lile mara tatu ili lisimpotee.

Tulikaa siku nne nyingine. Tuliiona nyumba ya Tippu Tip, aliyefanya biashara yake Kasongo ya Maniema na kufa hapa Unguja mwaka 1905. Mama aliutazama mlango wake mzuri uliochongwa, akakataa kuugusa. Ule mji mkongwe aliupenda, isipokuwa ngazi zake. Siku ya kurudi tulipanda meli ya asubuhi, bahari ikiwa shwari, naye akalala tangu gatini mpaka Dar es Salaam, chupa ikiwa kati ya miguu yake.