Choyo cha Vidole Viwili



Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, ndugu msomaji, nitakalolieleza hapa ni aibu yangu mwenyewe. Ningalipenda kulificha, lakini naona lililonipata mimi lanyemelea nyumba nyingi za pwani yetu ya Tanga. Na aliyejikwaa akinyamaza, amfuataye hujikwaa pale pale.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Umri wangu umepita hamsini, na maradhi ya kisukari ninayo kwa miaka mingi. Siku moja gidamu ya kubadhi ilinichubua baina ya vidole vya mguu wa kushoto, wala sikusikia maumivu. Hiyo ndiyo hila ya maradhi haya: kisukari kikikaa mwilini bila ya kuzuiwa huharibu mishipa ya fahamu ya nyayo, na huipunguza njia ya damu, hata mtu akawa na donda asilolihisi na lisilopona.

Mama watoto ndiye aliyeona doa la usaha juu ya mkeka. Tukaenda hospitali. Daktari akatazama, akaniambia kwamba vidole viwili vimekwisha kufa, na kwamba vikikatwa upesi, mguu utasalimika. Nikakataa.

Sababu ya kukataa kwangu ni hii. Utotoni mwangu, mtaani petu Ngamiani, alikuwapo mzee aliyepoteza mkono katika korona, ile mashine iparurayo majani ya mkonge ili zipatikane singa. Mkono wa kanzu yake ulikuwa ukining'inia mtupu. Watu walimsalimu kwa huruma, kisha wakampita. Mkono wa bandia hakupata, wala sikusikia mtu akimwambia kuwa kitu hicho kipo. Basi mimi nikakua na itikadi kwamba aliyekatwa ndiye aliyekwisha.

Nikarudi nyumbani na dawa za majani. Nikavaa kanzu ndefu, nikafukiza udi chuoni ili watoto wasisikie harufu. Zikapita wiki kadhaa, homa ikanipanda, nikachukuliwa hospitali sijijui. Safari hii halikuwa tena shauri la vidole. Nilikatwa chini ya goti. Nilivionea choyo vidole viwili, nikalipa mguu.

Jamaa zangu wakaipokea ile sehemu iliyokatwa, wakaifunga katika kitambaa na kuizika, kama ilivyo sunna. Niliporudi chuoni na magongo yangu, mtoto mmoja mdogo akaniuliza, "Maalim, huo mguu mwingine uko wapi?" Nikamjibu, "Umezikwa." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wewe Maalim umeshazikwa kidogo." Watoto wakacheka, nami nikacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu nikatwe.

Ndugu msomaji, kukatwa kuna daraja zake, na yafaa watu wa nyumbani wazijue. Mguu hukatwa vidole, au nusu ya wayo, au katika kifundo, au chini ya goti, au katika goti lenyewe, au juu ya goti, au katika nyonga. Mkono nao hukatwa vidole, au katika kiganja, au katika kigasha chini ya kiwiko, au juu ya kiwiko, au begani. Daktari mwema hukata palipokufa na kubakisha kila penye uhai, kwani kila kiungo kinachobaki kina kazi yake. Aliyekatwa vidole aweza kwenda kwa kiatu kilichotengenezwa maalumu. Aliyebakiwa na goti atahitaji mguu wa bandia, lakini goti lake litakunja na kunyoosha kama zamani. Aliyekatwa juu ya goti hana budi kuwekewa na goti la bandia, na kwenda kwake humchosha zaidi. Kwa hiyo kila siku ya kuchelewa ni kama kupanda daraja moja juu, na daraja za kupanda huku hazina heri.

Baada ya kidonda kufunga, nilipanda basi kwenda Moshi. Huko, katika hospitali ya KCMC, kimekuwapo tangu mwaka 1981 chuo cha mafundi wa viungo vya bandia kiitwacho TATCOT, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Fundi alikizungushia plasta kigutu changu, akachukua umbo lake, na kwa umbo hilo akafanya kikombe cha plastiki ngumu cha kuingiza kigutu. Chini yake hufuata nguzo, kisha wayo wa mpira. Nikafahamu kuwa siri yote imo katika kile kikombe: kikibana huleta kidonda, na kikilegea mguu huchezacheza. Alinionya pia nisilale na mto chini ya goti, kwani goti likizoea kukunjika halinyooki tena, na mguu wa bandia haulifai.

Miguu ya bandia si ya namna moja. Mwaka 1968, katika mji wa Jaipur huko India, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walitengeneza wayo wa mpira ambao mtu aweza kuutumia bila ya kiatu, akachutama na akakaa chini. Watu wakaao mkekani kama sisi huona faida yake mara moja. Kwa mkono, upo wa umbo tu, wa kutimiza sura. Upo wenye kulabu ivutwayo kwa kamba kutoka begani, nao hufanya kazi nyingi. Na upo wa umeme, ambao bei yake ni kubwa. Mtoto anayekua huhitaji kubadilishiwa kila baada ya muda.

Wako wanaouliza kama kuvaa kiungo cha bandia ni kubadili maumbile. Hao na wamkumbuke Sahaba Arfaja bin Asaad, aliyekatwa pua vitani kabla ya Uislamu. Akajifanyia pua ya fedha ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru afanye ya dhahabu. Ama udhu, katika madhehebu ya Imam Shafii, aliyekatwa mguu juu ya kifundo imemwondokea faradhi ya kuuosha mguu ule. Na aliyekatwa kigasha ataosha kilichobaki mpaka kiwikoni. Katika josho la janaba, mguu wa bandia huvuliwa ili maji yafike mwilini. Na asiyeweza kusimama, na aswali amekaa.

Mguu wangu haukuniondolea kila taabu. Usiku mwingine vidole vilivyozikwa huniwasha kana kwamba vipo, na kila jioni hukitazama kigutu nisije nikapata donda jingine. Lakini nakwenda msikitini kwa miguu yangu, mmoja wa kuzaliwa na mmoja wa fundi.

Ewe kijana, ikiwa babako au mamako ana kisukari, mwinulie nyayo kila jioni uzitazame, hata baina ya vidole. Ukiona chubuko, usingoje maumivu, maana hayaji. Nawe mzazi mwenzangu, daktari akikuomba kidogo, mpe kidogo. Mimi nilikataa, na leo nafundisha kwa mguu mmoja jambo ambalo ningaliweza kulijua kwa miwili.